Msimu wa karafuu na macho ya dereva

Msimu wa karafuu ukifika, barabara za Pemba huwa nyembamba. Lami ni ile ile, ila pembeni yake yametandikwa majamvi ya karafuu zinazoanikwa, na kwenye kila jamvi kuna mtu anageuza na kuku anayesubiri kufukuzwa. Mimi hupita hapo kila asubuhi na pikipiki, natoka Wete kwenda Chake.

Vijana wetu hupima mwendo kwa lami: ikiwa nzuri, wanafungua. Mimi nasema tupime kwa macho. Kilomita 60 kwa saa ni kama mita 17 kila sekunde, na mtu akichomoza ghafla, sekunde moja hivi hukatika kabla hujaishika breki. Kwenye kona ya mteremko unayoona mita 20 tu mbele, umeshamfikia. Ukienda 30, sekunde hiyo hiyo inakula mita 8, na zinabaki za kufungia breki.

"Njia hii naijua hata nikifumba macho." Hiyo ndiyo kauli inayonitisha. Njia uliyoizoea huitazami tena. Siku niliyoponea chupuchupu kumgonga mtoto sikuwa mbioni wala hakukuwa na mvua. Nilikuwa nakisia jamvi moja litatoa kilo ngapi! Mtoto akakimbilia kuku, nikamkodolea macho, na pikipiki ikaanza kumfuata yeye, maana pikipiki huenda unakotazama. Kilichotuokoa ni kwamba nililazimisha macho yaangalie uwazi uliobaki kulia kwake. Nikapita hapo, miguu ikitetemeka hadi Chake.

Sisemi tutambae. Penye njia iliyonyooka na wazi, nami huenda. Lakini nikiwa na abiria msemaji, au ikianguka mvua ya kwanza baada ya jua la siku nyingi, vumbi na mafuta yakageuza lami kuwa utelezi, napunguza, kwa sababu akili yangu imeshagawanyika. Helmeti navaa (kichwani, si kwenye mkono wa usukani kama jirani yangu), ila helmeti haimwoni mtoto kwa niaba yangu.

Siku hizi napiga honi kabla ya ile kona. Bibi mwenye jamvi la mwisho hanipungii mkono tena, ananyanyua ufagio tu: "Pita, mwanangu, lakini karafuu zangu usizitimue vumbi."