Kichwa Kile Kwenye Picha ni Changu

Ndiyo, ni mimi. Acheni kuikuza ile picha ya mimi na tela langu kambini kwenye simu zenu na kuulizana "huyu si yule jamaa wa Same?" Ni yule yule. Kichwa kinachochungulia kati ya fungu la vitunguu na pakiti ya Royco ni changu, na mwanga ulionipiga usoni ni tochi ya jirani, siyo "nuru ya kuzaliwa upya" kama alivyoandika mtani wangu Mchaga kwenye kundi letu la Watanzania wa Houston. Kashatuma picha, kaongeza na sauti yake akisimulia huku akicheka hadi anakohoa, na jana mama yangu mdogo amenipigia kutoka nyumbani kuuliza kama ni kweli nimemezwa na mamba nikatapikwa. Shikamoo mama, hapana. Sasa na mimi nasema yangu.

Wengi mmelijua tela langu toka likiwa vipande. Kwa mliohamia juzi: ni kitela cha kulala watu wawili, mbele limeviringana, nyuma limeteremka na kuchongoka, ukilitazama ubavuni ni tone la maji lililolazwa. Ndani ni godoro tu, husimami. Jiko liko mgongoni kwa nje; unanyanyua mfuniko mkubwa wenye bawaba juu, unapika umesimama chini ya anga. Wamarekani wanajichongea vitu hivi kwenye gereji za majumbani tangu miaka ya 1930, na vita vya pili vya dunia vilipokwisha, vitela hivi vikashika kasi. Mwaka 1947 jarida moja la mafundi wa nyumbani lilichapisha ramani ambayo mpaka leo watu wanaifuata. Upana wa kawaida ni futi 4 na urefu futi 8, kwa sababu plaiwudi huku inauzwa hivyo hivyo, futi 4 kwa 8. Hakuna kipande kinachotupwa. Mpare akisikia kuna ujenzi usiotupa kipande, nani atamzuia?

La dukani linakula maelfu ya dola. Na gari langu ni dogo, haliwezi kuvuta nyumba. Kwa hiyo neno langu likawa moja tu: wepesi. Kuta sikujenga kwa mbao, nilitumia yale mabamba ya povu gumu ya rangi ya pinki wanayozuilia joto kwenye majengo, nikayavika turubai la pamba lililoloweshwa gundi ya mbao, halafu rangi ya nyumba juu yake. Msicheke, ni njia inayojulikana, na ikikauka inakuwa ngumu kweli kweli. Ukuta wa kutenganisha chumba na jiko niliweka plaiwudi ya milimita 5. Miguu ya chuma ya kuegemeza nyuma tela likiwa limesimama niliikata kwenye orodha. Kilo kadhaa za bure zile! Nani analala na miguu minne?

Jambo nililojivunia kuliko yote ni ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu. Niliiweka katikati kabisa ya boksi. Nikasimama mbele, nikaunyanyua mkono wa kuvutia kwa kidole kimoja, hiki cha shahada, nikampigia mtani video aone.

Mtani anaendesha lori hapa Texas, kwa hiyo alikuwa na haki ya kuuliza alichouliza. "Mbele hapo pana kilo ngapi?"

Nikamwambia, "Hapana kitu. Sikia, hapana kitu kabisa. Wepesi ndio huu."

Akanyamaza. Mchaga akinyamaza ujue anahesabu. Baadaye akaniambia kwamba tela lolote likishapakiwa linatakiwa kuegemeza asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake kwenye gari, la sivyo mkia utacheza barabarani. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya malori. (Najua. Najua! Ngojeni tufike.)

Kwa kuwa jiko liko nyuma, mzigo ukakaa nyuma. Deli la barafu na nyama ya mbuzi, nyuma. Dumu la maji, nyuma. Mkaa, nyuma. Ile sufuria nzito ya chuma ambayo mke wangu haendi nayo popote asipoweza kurudi nayo, nyuma. Mbele tulipakia mito miwili.

Tulikwenda Brazos Bend, hifadhi ya jimbo iliyo kusini magharibi mwa Houston, mwendo usiofika saa moja na nusu hata ukiwa mwoga. Nilikuwa mwoga. Kila sindano ilipopita maili 55 kwa saa, tela lilianza kutingisha makalio kushoto na kulia, na gari nalo likafuata. Mtani alikuwa nyuma yangu akiwasha na kuzima taa. Mke wangu hakupiga kelele. Alianza kuimba taratibu wimbo tunaouimba misibani, ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikashuka hadi maili 45 na tukaenda hivyo, malori yakitupita kwa honi.

Brazos Bend ina mamba. Siyo hadithi, ndicho kinachoijazia watu. Wanakaa ziwani, wanaota jua kando ya njia za kutembelea, na kuna maelekezo kwamba usiwasogelee chini ya futi 30. Nayataja mapema kwa sababu yanarudi.

Tulipofika, tela lilipata sifa. Nisiwe mnafiki, lilipata sifa! Wazungu waliokuja na majumba yao ya magurudumu walitoka kuligusa. Babu mmoja wa kambi ya jirani akaniuliza limechongwa na kampuni gani. Nikajigonga kifua. Nikanyanyua mfuniko, nikaonyesha viungo vilivyopangwa kwenye rafu, nikaonyesha na kidirisha kidogo cha kusukuma kilichoko kati ya jiko na godoro, ili mtu aliyelala aweze kuchukua kitu jikoni bila kutoka nje. "Smati," babu akasema. Tafadhali kikumbukeni hicho kidirisha.

Jioni shemeji, mke wa mtani, alitaka maziwa ya mtoto, basi nililifungua tela kwenye gari wakaenda na mke wangu dukani. Tela likabaki limesimama kwa magurudumu yake mawili na jeki ya mbele. Waliporudi sikuona sababu ya kuliunganisha tena. Tukachoma nyama, tukala, tukacheka. Usiku mke wangu akagoma kuingia. Alisema barabarani alishalikabidhi tela roho, mwili atabaki nao. Akaenda kulala kwenye hema na shemeji na mtoto, mtani akafukuzwa humo, akajilaza kwenye kiti cha kukunja karibu na majivu, ana simu mkononi. Ndiyo maana kuna picha.

Basi niko peke yangu. Godoro zuri. Nimelala kichwa mbele, miguu nyuma, kama nilivyochora kwenye ramani. Mfuniko wa jiko niliuacha wazi umeegemezwa kwa fimbo yake ili harufu ya moshi itoke. Vyura wanapiga kelele. Na mimi usingizi hauji, kwa sababu najua kuna mshikaki mmoja umebaki jikoni, umefungwa kwenye karatasi ya foili, kwenye rafu ya pili. Mmoja tu. Ule wenye mafuta pembeni.

Nikageuka. Taratibu, maana humo ndani hugeuki kama mtu, unajizungusha kwa viwiko. Sasa kichwa kimeelekea nyuma. Nikaanza kutambaa. Nikapita pale chini yangu ilipo ekseli, na naapa nilijisifu kidogo kwa jinsi sakafu isivyolia. Nikasukuma kidirisha, kikafunguka vizuri kabisa. Nikaingiza uso, nikanusa. Foili naiona. Nikasogea mbele inchi chache zaidi.

Miguuni kwangu kitu kilipumua. Ilikuwa jeki ikiachana na changarawe.

Mkishawahi kukaa upande mmoja wa bembea ya ubao na mwenzako akashuka bila kuaga, mnajua kilichofuata. Kwanza hakikufuata kitu. Tela lilisimama hewani, likafikiri. Mimi nikatulia, nikazuia pumzi, nikadhani nikiwa mwepesi wa nia litarudi. Kisha godoro likateleza nami juu yake. Mkia ukagonga chini. Deli likatoka kwenye sehemu yake kwa heshima zote, likapinduka, barafu ikamwagika shwaa! Sufuria ikafuata, haikuvunjika hiyo, ikabingirika hadi kambi ya jirani. Vijiko vikaanguka kimoja kimoja, kila kimoja kikisubiri mwenzake amalize. Na kichwa changu, kikisukumwa na mwili wote pamoja na godoro, kikapenya kidirisha. Mabega yakagoma. Plaiwudi ya milimita 5 ikapasuka kuzunguka shingo, meno ya mbao yakaelekea nje. Kuingia yameruhusu, kurudi hayataki.

Nikawa nimekaa hivyo. Miguu juu kuelekea mbinguni ya Texas, kichwa chini jikoni, mikono yote miwili imebaki chumbani. Mbele ya pua yangu, foili ilikuwa imeanguka na kufunguka yenyewe. Mshikaki ule pale. Nilitoa ulimi. Haukufika. Mtani anasema aliniona nikijaribu zaidi ya mara moja, nami sikatai.

Kisha majani yakachakacha. Kitu kinakuja kwa chini chini, kinakokota tumbo, na kina magamba maana yanagongana na mawe. Nikakumbuka futi 30. Maelekezo yanamwambia mtu asisogelee mamba. Hakuna mahali palipoandikwa mamba asisogelee mtu. Nyama ya mbuzi imetapakaa, maji ya barafu yenye damu yanatiririka kumwelekea, na kichwa changu ndicho kitoweo cha kwanza njiani. Ni hapo ninapodaiwa kumwita mama yangu. Nilisema "mama!" kwa maana ya mshangao, kama mtu yeyote anavyosema akigonga kidole.

Akatokea kwenye mwanga wa taa yetu ya betri: mnyama mdogo mwenye gamba mgongoni, masikio marefu, pua ndefu. Armadillo. Binamu wa kakakuona kwa sura, mla wadudu. Akanusa barafu, akaninusa mimi, akaona sina faida, akaenda zake.

Tochi ikawaka. Babu wa jirani, kaptula ya kulalia, ameshika sufuria ya mke wangu. Akanimulika muda mrefu.

"Bwana, uko salama?"

Na mimi nimelelewa vizuri. Mtu mzima kaja, lazima nimjibu kwa adabu. "Niko salama, asante. Habari za usiku?"

"Nzuri. Unahitaji msaada?"

"Hapana, mzee. Napumzika."

Kwa nini nilisema hivyo? Naombeni msiniulize tena, mke wangu bado ananiuliza.

Wakati huo mtani alishaamka. Alipiga picha kwanza. Alipiga ya wima, akapiga ya mlalo, ndipo akaja kunisaidia. Yeye na babu wakauning'inia mkono wa mbele wa tela ili liinamie upande wake, likashuka vizuri, nikapumua. Mtani akanitazama vile nilivyolala sawa sasa, kichwa jikoni, akaangua kicheko, akaachia. Likapanda tena pamoja na babu. Yule mzee alikaa hewani kidogo akiwa bado amelishika, na kwa heshima yake sitaeleza zaidi.

Mke wangu akatoka hemani na chupa ya mafuta ya kupikia. Akanimiminia shingoni bila neno. Alipomaliza ndipo akasema, "Baba watoto, ule mshikaki mimi niliula saa nne. Hiyo ni mifupa."

Mengine hayana uzito. Askari wa hifadhi alikuja akatukumbusha habari ya kuacha chakula nje, babu akapewa chai ya tangawizi, tukarudi Jumapili na deli likiwa kwenye mapaja ya mke wangu kiti cha mbele. Nyumbani niliweka mizani ya bafuni chini ya mkono wa tela likiwa limepakiwa vile vile: kilo 6, kwa tela la karibu kilo 400. Lilitakiwa kuwa 40 kwa uchache. Ekseli inarudi nyuma wikiendi hii, miguu ya kuegemeza imeshanunuliwa, kidirisha kimezibwa.

Limebaki la mtani. Najua mnasema Mpare huuza ng'ombe ili apate nauli ya kwenda kushtaki kuku. Sawa. Shauri limefunguliwa, wazee wa pande zote mbili wapo Houston, na picha ile ni kielelezo namba moja kwa sababu inaonyesha wazi kuwa mpiga picha alikuwa na mikono miwili isiyo na kazi. Faini ni mbuzi mzima. Na safari hii, mtani, deli unalipakata wewe.