Bendera za Paris, 1878: sikukuu moja, picha mbili

Juni 30, 1878, Paris ilisherehekea sikukuu ya amani na kazi iliyotangazwa na serikali wakati wa Maonyesho ya Dunia ya mwaka ule. Mchoraji Claude Monet alikuwa akipita Mtaa wa Montorgueil na vifaa vyake vya kuchorea. Akaona roshani, akapanda, akaomba ruhusa. Picha aliyoichora, ambayo sasa imo katika makumbusho ya Orsay, ni mtaa mwembamba uliofurika bendera za Ufaransa za rangi tatu hadi kuta zimemezwa. Umati ulio chini ni madoa ya rangi tu.

Madoa hayo ndiyo chanzo cha lawama. Miaka saba tu kabla, Mei 1871, jeshi la Ufaransa liliua maelfu ya wakazi wa jiji hilohilo walipoasi. Wengi walionusurika walikuwa bado uhamishoni, na msamaha kamili haukuja hadi 1880. Monet mwenyewe alikuwa London wakati wa vita vya 1870–71 na Prussia, dola ya Kijerumani. Basi, wanasema wakosoaji, ni rahisi kwake kuchora furaha isiyo na nyuso.

Na ushahidi wao ni mzito, maana siku hiyohiyo mchoraji mwenzake Édouard Manet alichora Mtaa wa Mosnier. Bendera zipo, lakini barabara ni kama tupu. Kushoto, mtu wa mguu mmoja, amevaa blauzi ya bluu ya kikazi, anajikongoja kwa magongo. Wengi humwona kama majeruhi wa vita. Manet alikuwa katika Ulinzi wa Taifa, jeshi la raia, Waprussia walipoizingira Paris. Njaa ya miezi ile aliijua.

Hata hivyo, sikubali kwamba Monet alichora mapambo matupu. Bendera ile haikuwa kitambaa cha sherehe tu. Mwaka 1873 Ufaransa ilikaribia kurudishiwa mfalme, na mpango ukavunjika kwa sababu mrithi, Comte de Chambord, aliikataa bendera ya rangi tatu akitaka nyeupe ya ukoo wake. Oktoba 1877 wapiga kura wakawapa ushindi wapenda jamhuri. Miezi minane baadaye, mwenye duka wa Montorgueil aliyetundika rangi tatu dirishani alikuwa anasema yuko upande gani. Furaha ile ilikuwa na sababu, na Monet aliipa nguvu inayostahili: brashi yake inapepea pamoja na vitambaa.

Ninachoshindwa kumtetea nacho ni umbali. Mtu anaweza kusema kwamba kutoka juu nyuso hazionekani. Lakini Manet naye alitazama kutoka juu, dirishani kwake, na bado alimwona mtu yule. Montorgueil ilijaa watu siku ile. Kama mwenye magongo alikuwemo, kwenye picha ya Monet naye ni doa.