Jogoo Aliyehasiwa Alimshinda Profesa

Juni 1889, mjini Paris, Charles-Édouard Brown-Séquard, profesa wa miaka 72 mwenye jina kubwa, alisimama mbele ya wanasayansi wenzake akatangaza kwamba amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na simbilisi, na ujana umemrudia. Ngazi anapanda mbio, mkono una nguvu, hata mkojo unaruka mbali zaidi. Haukupita muda, matabibu wa Ulaya na Marekani wakawa wanauza dawa za namna hiyo.

Leo tunajua mle hamkuwa na kitu cha maana. Korodani haziweki akiba ya testosteroni, ile homoni ya kiume. Huitengeneza na kuiachia damuni, tena haiyeyuki vizuri kwenye maji. Kilichompandisha mzee ngazi ni imani yake. Simcheki sana, maana alilenga pazuri: kweli korodani hutoa kitu kinachosafiri mwilini. Kosa lake, nionavyo mimi, ni kuwa mgonjwa, daktari na hakimu kwa wakati mmoja.

Ushahidi mzuri ulikuwepo miaka 40 kabla yake. Mwaka 1849, huko Göttingen, Ujerumani, mwanasayansi Arnold Berthold aliwahasi majogoo wachanga, kisha baadhi yao akawapandikiza korodani tumboni. Waliohasiwa tu walipoa, na undu, ile nyama nyekundu ya kichwani, ukadumaa. Waliopandikizwa waliendelea kuwika, kupigana na kufukuza mitetea. Jogoo hana habari za ujana uliopotea, wala hamwonei haya profesa. Huyo ndiye shahidi ninayemwamini.

Wakemia nao walimwamini. Chicago, mwaka 1927, Fred Koch na mwanafunzi wake Lemuel McGee walichukua kilo 18 hivi za korodani za fahali kutoka machinjioni, wakabaki na miligramu 20 za dutu ambayo bado haikuwa safi. Wakawadunga nayo majogoo waliohasiwa, undu ukakua. Bila kipimo cha aina hiyo, Adolf Butenandt angejuaje aendelee na chupa ipi na amwage ipi, alipokuwa akisaka homoni ya kiume katika lita 15,000 za mkojo wa polisi wa Berlin? Mwaka 1931 alitoka na miligramu 15 za androsteroni, ndugu dhaifu wa testosteroni. Lita elfu nzima kwa miligramu moja! (Natamani ningemsikia aliyewaeleza polisi wale kazi ya yale madumu.)

Mwaka 1935 kundi la Ernst Laqueur huko Amsterdam likaipata testosteroni yenyewe, miligramu 10 kutoka kilo 100 za korodani za fahali. Mwaka huohuo Butenandt na Leopold Ruzicka, kila mmoja kwake, wakaitengeneza kutokana na kolesteroli, na habari za mapipa zikaisha. Wawili hao walipewa Nobel ya 1939, ingawa serikali ya Wanazi ilimlazimisha Butenandt kuikataa.

Naandika haya kwa sababu nguzo za umeme za miji yetu zimejaa matangazo ya dawa za nguvu za kiume, na ushahidi wake ni uleule wa 1889: fulani katumia, anajisikia kijana. Niliwahi kumuuliza muuzaji mmoja amejuaje kwamba dawa yake inafanya kazi. Akacheka. "Kaka, we tumia kwanza, utakuja mwenyewe kunishukuru."