Shangazi Aliponishtaki kwa Trafiki

Beetle yangu ya mwaka 72 ilikuwa na tabia ya kupiga mluzi. Unatoka asubuhi taratibu, fiiiiii, watoto mtaani wanageuka. Wenye Beetle mnaijua hiyo, kebo ya spidi imekauka. Na kwenye Beetle kebo hiyo haitoki kwenye giaboksi kama gari nyingi, inazungushwa na tairi la mbele kushoto, ncha yake ya pembe nne inachomoza pale kwenye kifuniko cha beringi inazuiliwa na kapini kadogo, halafu kebo inapanda mpaka nyuma ya mita ya spidi. Ikikosa ulainisho inalia, na mshale unacheza, mara 30 mara 70 mara 40, unachagua mwenyewe uipendayo.

Sasa kukawa na harusi Muheza na mimi ndo nikapangiwa kumbeba shangazi kutoka Tanga mjini. Nikasema gari isije ikamlilia mama wa watu njia nzima, nikaipeleka kwa fundi. Fundi wangu ana roho nzuri sana ila neno kidogo halijui. Kachomoa waya wa ndani, kausafisha kwa mafuta ya taa, kaufuta, hapo nilikuwa namsifu. Kisha kazamisha vidole kwenye kopo la grisi ile nzito ya beringi, kaupaka waya mwanzo mwisho, kaona haitoshi, kajazia na nyingine kwenye gamba la kebo kwa bomba la sindano! Nikamuuliza, fundi, si huwa inapakwa kiduchu tu, na kipande cha juu karibu na mita kinaachwa kikavu? Akasema bosi, grisi haijawahi kuua mtu.

Tukatoka Tanga kimyaaa, mluzi hamna, mshale umetulia 40, shangazi kavaa dera jipya, gari zima udi. Kufika Pongwe naona 60. Mguu sijauongeza. Mara 70. Hapo nikaelewa, maana ule waya umesukwa kwa kuviringishwa, ukizunguka unapandisha grisi juu kama mashine ya kusaga nyama, na jua la Tanga lilishailainisha vizuri. Imeingia kwenye mita. Mle ndani kuna sumaku inayozunguka na kikombe cha aluminiamu chenye mshale, na hivyo viwili havigusani, sumaku inakivuta kikombe bila kukishika na kaspringi kembamba kanakizuia kisipitilize. Grisi ikijaa hapo katikati basi tena, kikombe kinabebwa mazima.

Nenda kamweleze hayo shangazi.

"Wewe mtoto, themanini!" Shangazi, tunatembea pole pole, mita ndo imeharibika. "Mia! Ya Rabbi, mia!" Nikapunguza mpaka mtu wa baiskeli mwenye tenga la machungwa akatupita kwenye kamteremko, akatusalimia na salamu tukaitikia vizuri tu, shangazi macho yako kwenye mshale. "Mia na ishirini! Niteremshe, mie nina wajukuu!"

Mbele, kwenye kibao cha 50, trafiki na tochi yake ya kupimia spidi. Hakutusimamisha. Aliyesimamisha ni shangazi, kachomoza nusu mwili dirishani anapunga mtandio: "Afande! Mkamate huyu, katoka nami huko mia na ishirini!"

Afande akaangalia tochi. "Mama, hapa imesoma 31." Shangazi akamwambia hiyo tochi yenu mbovu, njoo uone kwa macho yako. Akaja. Gari imesimama, nimezima injini, funguo nimeshika mkononi, na mshale uko palepale 120, grisi imeushika. Afande akainama, akauangalia, akaniangalia mimi. "Kijana, hapa umepaki kwa mia na ishirini?" Akamwita mwenzake aje aone. Mwenzake akaja na simu.

Shangazi kagoma kurudi ndani. Akapanda Kosta iliyokuwa inapita, kakaa siti ya mbele, ikaondoka pale na vumbi lake sikuiona tena. Nilipofika harusini nikamkuta anawasimulia watu jinsi dereva wa Kosta alivyo mstaarabu, mshale wake tangu kapanda mpaka kashuka ulikuwa kwenye sifuri.

Mita ilikuja kutengenezwa na fundi saa, maana vile vidude vya ndani ni vyembamba, akaifuta grisi kwa pamba na vijiti akiwa anacheka. Kebo tukaisafisha upya, tukapaka kwa ncha ya kidole. Nikampitia na yule fundi wangu, nikamshushia yote, harusi, shangazi, tochi, afande mpaka picha. Akanisikiliza hadi mwisho huku anafuta mikono.

"Bosi, kwani ule mluzi umeisha au haujaisha?"

Umeisha.

"Sasa?"