Miaka ya themanini iliyomo ndani ya kaseti

Ukisikiliza mazungumzo ya barazani siku hizi, iwe Jaws Corner ya Mji Mkongwe au kwenye makundi ya simu, utadhani Unguja ya miaka ya themanini haikujua foleni. Ilikuwa redio kaseti begani, sinema ya Kihindi Jumapili, na taarab ya harusi mpaka usiku wa manane. Wenye hamu wanasema muziki ulikuwa na adabu na ushairi ulikuwa na fumbo. Wanaowapinga wanajibu kwamba watu wanalilia ujana wao, muongo umesingiziwa tu. Kila upande una haki yake, ila wote wanazungumza kana kwamba muongo wenyewe upo mahali unasubiri kuitwa. Kilichobaki ni vitu: kaseti, rili za redio, mikanda ya video, picha. Na vitu hivyo, kwa joto na unyevu wa visiwa hivi, havisubiri ubishi uishe.

Tuanze na wapinzani, kwani hoja yao hupuuzwa. Muongo ule ulikuwa miwili ndani ya mmoja. Nusu ya kwanza ilikuwa ya uhaba: mchele, sukari, sabuni na nguo vilipatikana kwa mpango na subira. Januari 1984 Aboud Jumbe alijiuzulu, Ali Hassan Mwinyi akashika urais wa Zanzibar, na biashara ya nje ikaanza kulegezwa. Hapo ndipo mizigo ya Dubai ilipoanza kumiminika madukani. Redio kaseti ya deki mbili, ambayo leo ndiyo nembo ya "themanini" nzima, kwa watu wengi ilikuwa kitu cha nusu ya pili. Anayesema "zama zile tulikuwa nazo" mara nyingi anazungumzia miaka minne au mitano ya mwisho.

Jambo hilo linaonekana kwenye kaseti zenyewe. Kaseti tupu ilipokuwa adimu, ilirekodiwa juu ya iliyokuwepo. Mgongoni mwa kila kaseti kuna vibao viwili vidogo vya plastiki. Ukivivunja, mashine haikubali tena kurekodi. Angalia kaseti nyingi za zamani: vibao vimevunjwa, kisha tundu limezibwa kwa karatasi iliyokunjwa au kipande cha gundi ya utepe. Mtu wa kwanza alitaka kuhifadhi, wa pili akataka nafasi. Wakati mwingine, pale wimbo mmoja unapokwisha na wa pili haujaanza, unasikika mkia wa kile kilichofutwa, sekunde mbili tatu za sauti isiyo na mwenyewe.

Wapinzani wana hoja nyingine, kwamba hamu huchagua. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini, na Tanzania Bara ikasubiri hadi 1994, lakini nani anayaona tena matangazo hayo? Kisha yuko Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Alizaliwa Unguja 1946, na tangu 2019 ana jumba lake la makumbusho Shangani. Mgeni akishuka bandarini, themanini yake ni Queen jukwaani Wembley Julai 1985. Hayo ni ya kwake na ya London. Themanini ya Mlandege au ya Wete haikupita huko, na hakuna haja ya kuilazimisha ipite.

Watetezi wa hamu nao wana hoja nzito, na uzito wake uko kwenye taarab. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, sauti ikakwanguliwa kwenye santuri, na santuri isiyovunjika bado inalia. Muziki uliochezwa Unguja mwaka 1986, karibu miaka 60 baadaye, uko hatarini zaidi kwa sababu umeandikwa kwa vumbi la sumaku lililogandishwa juu ya plastiki nyembamba. Kaseti ya dakika 60 ina ukanda wa karibu mita 86, upana wake milimita 3.81, unene kiasi cha maikroni 18. Ya dakika 90 ina maikroni 12 hivi. Ya dakika 120 ni 9 tu, na hiyo hunyooka kama uzi wa mpira ukiirudisha kwa kasi.

Ni kweli kwamba redio pale Rahaleo ilirekodi vikundi, na kampuni ya Globestyle ya London ilikuja Unguja mwishoni mwa muongo ikatoa taarab kwa sauti safi kabisa. Lakini usafi huo ndio unaoacha pengo. Rekodi ya studio ina wimbo. Kaseti ya harusini ina wimbo na watu wake: vigelegele beti inapomgusa mtu, mwimbaji anayerudia kituo kwa sababu mstari wa watunzaji, wale wanaomtuza pesa, haujakwisha, kicheko cha kundi upande mmoja wa ukumbi ambacho kwa aliyekuwepo kinasema fumbo lilimwendea nani. Taarab ni mazungumzo. Ukiitoa hadhira umebaki na nusu moja ya simu.

Kwa hiyo kama hamu ina kazi, kazi yake ni hii: kufikia kaseti za nyumbani kabla hazijafa. Hapo ndipo wapenzi wengi wa themanini wanapoanguka. Wanaweka simu mbele ya spika, wanarekodi, wanatuma, na wanaosikia wanasema "sauti za zamani zilikuwa hivi." Hazikuwa hivi.

Chukua suala la betri. Pemba na vijiji vingi vya Unguja redio kaseti ilitegemea betri kubwa, mara nyingi sita. Betri zikichoka, mota huzunguka polepole. Ukirekodi kwa mota iliyochoka kisha ukacheza kwa mashine yenye umeme kamili, wimbo hukimbia na sauti hupanda. Kuna sauti nyembamba, kali na tamu ambazo watu wanaziapia kuwa ndiyo taarab asilia, na huenda ni betri. Namna ya kujua ipo. Ukumbi wenye vipaza sauti vya umeme huacha mvumo wa chini kabisa kwenye rekodi, na umeme wetu ni hetsi 50. Programu ya sauti kama Audacity inaonyesha masafa hayo. Ukiukuta mvumo uko hetsi 53, rekodi inakwenda kasi kwa asilimia 6, yaani karibu nusu toni nzima: ipunguze kwa kiasi hicho na mwimbaji atarudi kwenye koo lake. Usipime kwa ala kama kanuni au udi, maana vyombo hivyo hutuniwa kufuata mwimbaji, na angalia mwanzo na mwisho wa kaseti, kwa sababu betri huendelea kuchoka kadiri shughuli inavyoendelea.

La pili ni pembe ya hedi, kile kichwa cha chuma kinachosoma ukanda. Sauti iliyozibika, kama vile mtu anaimba nyuma ya pazia, si lazima iwe imekufa. Hedi ya mashine iliyorekodi ilikaa upande kidogo, na yako imekaa sawa, kwa hiyo haziafikiani. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo yenye springi. Cheza kaseti, unganisha njia mbili za sauti ziwe moja, kisha zungusha skrubu kidogo kidogo, robo mzunguko hauzidi, huku ukisikiliza njuga za rika, ile tari ndogo ya taarab. Zikichanua, simama. Kila kaseti ina pembe yake, na mara nyingine upande A na B haulingani. Ukimaliza, irudishe hedi mahali pake kwa kutumia kaseti iliyotoka kiwandani. Kazi hii haina fomula, ni sikio tu, na asiye na subira aiache.

Kisha kuna kipande kidogo cha sufu kilichobandikwa juu ya bati la springi, kinachousukuma ukanda uiguse hedi. Gundi yake hukauka na kipande hudondoka. Dalili yake ni sauti inayokuja na kuondoka. Watu hutupa kaseti kwa kosa hili, na dawa yake ni kuhamisha ukanda kwenye ganda lingine lililofungwa kwa skrubu tano. Lililogundishwa hupasuliwa kwa kisu chembamba kwenye mshono, taratibu, meza ikiwa na taulo ili kitu kisiruke.

Ukungu ni adui wa visiwani. Tazama kwenye kidirisha: ukiona madoa meupe kwenye kingo za ukanda uliojikunja, usiitie kaseti hiyo kwenye mashine unayotumia kwa nyingine, maana mbegu zake zitahamia. Iweke wiki mbili tatu kwenye mkebe usiopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, vaa barakoa, kisha izungushe kwa mkono ukipitisha ukanda kwenye kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi. Jua la uani halifai. Linapinda ganda na kudhoofisha sauti.

Zilizobaki ni kanuni fupi. Safisha hedi kwa pamba na spiriti ya zaidi ya asilimia 90. Ile ya hospitali ya asilimia 70 ina maji mengi. Kigurudumu cha mpira kikishakuwa kigumu na kinang'aa, badilisha, kwani ndicho kinachofanya redio "imeze" ukanda. Kaseti iliyolala miaka izungushe mara moja mpaka mwisho na kurudi kabla ya kuicheza, isipokuwa ya dakika 120. Kitufe cha Dolby, cha kupunguza "shhh" ya ukanda, kizimwe, kwa sababu redio nyingi za kawaida hazikurekodi nayo. Toa sauti kwa waya kutoka tundu la mashine, si kwa hewa. Rekodi kwa WAV, biti 24 na hetsi 48,000, kilele kisipite desibeli 6 chini ya ukomo. Hiyo ni takriban gigabaiti 1 kwa saa. Boksi la kaseti 40 za dakika 60 linaingia kwenye kifaa cha gigabaiti 64 bila shida. Kinachogharimu ni saa 40 za kucheza na nusu yake ya kutengeneza.

Na usisafishe sana. Programu za kuondoa mshindo hufuta "shhh" ya ukanda, na pamoja nayo huondoka pumzi ya filimbi ya nai, mkwaruzo wa risha kwenye kanuni, na nusu ya vigelegele. Hifadhi faili ghafi nzima, upande mmoja faili moja, kisha safisha nakala.

Mpaka hapa watetezi wa hamu wanaonekana wameshinda. Kuna sehemu moja ambayo hawashindi, na hawapendi kuambiwa.

Kaseti na hasa mikanda ya video ya mwishoni mwa muongo ilirekodiwa kwenye shughuli za wanawake. Ukumbi ulifungwa, mlango ulikuwa na mtu, buibui zilitundikwa. Wanawake walicheza, wakavaa walivyotaka, wakaimba maneno ambayo nje yasingesemwa. Kila aliyekuwemo alijua nani atauona mkanda ule: dada, shangazi, wifi. Leo mjukuu anaukuta kabatini, anauhamisha kwenye kompyuta, anauweka mtandaoni na maneno "themanini ilikuwa raha". Yule binti wa 1988 sasa ni bibi, pengine hajja, na hakuulizwa. Hapa hoja ya "ni urithi wetu" haitoshi, maana ruhusa iliyotolewa ilikuwa ya chumba kile. Kuhamisha mkanda ili usiharibike ni jambo moja, kuutangaza ni jingine. Hata sauti peke yake inatambulika, na mtunzaji alitajwa kwa jina.

Haki ya watunzi nayo imekaa vibaya, ingawa kwa namna nyingine. Zanzibar ilitunga Sheria ya Hakimiliki mwaka 2003, ikawa na chombo cha kusimamia haki hizo, COSOZA, lakini kaseti za themanini zilinakiliwa madukani bila hesabu ya mtunzi. Katika taarab mwenye shairi, mwenye sauti ya muziki na mwimbaji mara nyingi ni watu watatu. Anayepakia wimbo humtaja mwimbaji tu. Mshairi hupotea mara ya pili.

Ndiyo maana kabla ya skrubu na spiriti kuna hatua ambayo haihitaji mashine nzuri. Piga picha karatasi ya kaseti mbele na nyuma, na jina la faili liandike kama lilivyo pale, hata kama limekosewa: "Harusi ya Mkunazini 86, B". Kisha nenda na nakala kwa waliokuwepo, ambao sasa wako kwenye miaka sabini na themanini, ukae nao na daftari. Watakwambia beti ni ya nani, nani alikuwa kwenye kodiani, na kwa nini ule upande wa ukumbi ulicheka. Pengine watakwambia pia kaseti hiyo isitoke.