Nani analilisha shimo jeusi la M77?

Ubishi kuhusu M77 bado upo. Ni galaksi ya mikono kwenye kundinyota la Ketusi, kama miaka ya nuru milioni 47 toka hapa, na kiini chake kinang'aa vile kwa sababu shimo jeusi la katikati, yaani kitu chenye mvuto mkali hata mwanga hautoki, linakula gesi. Sasa hiyo gesi inatoka wapi? Wengi wanasema galaksi inajilisha yenyewe, wengine wanasema ilimeza kagalaksi kadogo ka jirani.

Kundi la kwanza wana hoja, siwakatalii. Ndani ya M77 kuna ule mstari mnene wa nyota unaovuruga gesi mpaka inashuka katikati. Halafu 2011 ukatoka utafiti wa picha za Hubble, galaksi 140 zenye kiini hai, yaani shimo lao linakula kama la M77, na umbo lao likaonekana halijavurugika zaidi kuliko la zile ambazo shimo lao halili; ingekuwa chakula kinatokana na kugongana, zingekuwa zimevurugika zaidi. Watu wakishaishika hiyo 140 basi, kwao kesi imeisha.

Mi naona wamewahi mno. Hizo picha zinakamata migongano mikubwa, ile ya galaksi mbili kupigana mpaka zinapinda, ila ukimeza kitu kidogo alama zake ni hafifu kupita kiasi. M77 yenyewe kwa miaka mingi ilionekana imetulia tuli, mpaka Wajapani wakaipiga picha kwa darubini ya Subaru kule Hawaii, wakakusanya mwanga mwingi kweli, na 2017 wakaripoti kwamba nje huko pembeni kuna mawimbi na vipande vya mwanga mwembamba ambavyo havikai hivyo bila kitu kumezwa. Mtu atauliza, si wanasema huko kumeza kulikuwa mabilioni ya miaka iliyopita, chakula gani hicho bado kipo mezani?

Swali zuri, na hapa ndo ninapokwama napo kila siku. 2019 darubini za ALMA kule Chile zilichungulia karibu kabisa na shimo zikakuta diski mbili za gesi: ya ndani, miaka ya nuru 2 mpaka 4 toka katikati, inazunguka kama galaksi yenyewe, ya nje, 4 mpaka 22, inazunguka KINYUME. Yaani zinapishana! Hali kama hiyo haidumu, zikigusana mzunguko unafutana na gesi inadondoka ndani, kwa hiyo hii ya nje haijakaa hapo muda mrefu. Waliopima wenyewe walisema huenda ni gesi ya galaksi hiyohiyo imeanguka vibaya, au imetoka kwa kagalaksi kalikopita. Sawa, la kwanza linawezekana, ila gesi inayoshushwa na mstari wa nyota kawaida inafuata mzunguko wa galaksi, sasa hii nani kaigeuza?

Wazipige picha zile 140 nazo kwa kina kama Subaru ilivyoipiga M77, ndo tuhesabu upya.