Michango ya hiari, Essen na kwetu

Wengi kwetu Tanzania tunaamini Hitler alisimama kwa hotuba na bunduki. Mimi naishi Essen, Ujerumani, mji uliokuwa wa viwanda vya chuma vya Krupp, na ninavyozidi kukaa huku ndivyo ninavyozidi kuona kwamba bila watu wa daftari la michango asingefika mbali.

Tarehe 20 Februari 1933 Hermann Göring, mtu wa karibu wa Hitler, aliwaita matajiri wa viwanda kama 25 kwenye makazi yake ya kiserikali, Berlin. Gustav Krupp, mkuu wa viwanda hivyo vya Essen, alikuwepo, na IG Farben, kampuni kubwa ya kemikali, ilituma mtu. Hitler alihutubia, kisha Göring akawaambia kwamba uchaguzi wa Machi huenda ukawa wa mwisho kwa miaka 10, pengine hata 100. Hjalmar Schacht, aliyewahi kuwa gavana wa benki kuu, akapitisha ombi la Reichsmark milioni 3, sarafu ya Ujerumani ya wakati huo. IG Farben peke yake ilitoa 400,000. Yaani waliambiwa waziwazi kwamba kura inazikwa, na wakachangia mazishi.

Kilichofuata Juni ndicho kinachonikera zaidi. Kila tawi la chama cha Hitler, yaani Nazi, lilikuwa linabisha hodi viwandani kuomba chake, wenye viwanda wakachoka. Ukaanzishwa mfuko mmoja wenye jina la Hitler, Krupp akiwa mbele: mwajiri anatoa nusu asilimia ya mishahara yake ya mwaka, na akishalipa anaachwa na michango mingine ya chama. Fedha zikaangukia mikononi mwa Martin Bormann, kigogo wa chama, bila bunge wala mkaguzi. Hadi 1945 zilifika kama milioni 700, na baadhi zilinunua ardhi na majumba ya wakubwa huko Obersalzberg, milimani kusini mwa Ujerumani.

Mtaani alikuwepo Blockleiter, ofisa wa chama mwenye kaya 40 hadi 60. Alikusanya michango ya msaada wa majira ya baridi, na aliyetoa alipewa kibandiko cha mlangoni. Mlango mtupu ulijieleza wenyewe.

Mtanzania yeyote hapo atamkumbuka balozi wa nyumba kumi. Siwalinganishi, wa kwetu alikuwa mzee wa kusuluhisha ugomvi wa mipaka na kuandika barua za utambulisho, wala hakumpeleka mtu kambini. Ila hiyo "hiari" naijua. Mjomba wangu aliuza vifaa vya ujenzi. Mbio za Mwenge wa Uhuru zikikaribia alipelekewa barua ya mchango, analipa, risiti anaibandika ukutani karibu na leseni. Wakija wengine kuomba mchango, anawaonyesha risiti hiyo kwa kidole.

Wajerumani nao wasijisifu sana. Alfried Krupp, mtoto wa Gustav, alifungwa miaka 12 mwaka 1948 kwa kuwatumikisha watu kwa nguvu na kupora mali. 1951 alikuwa nje, na utajiri wake akarudishiwa.

Lakini leo chama cha siasa huku kikipokea mchango unaozidi euro 35,000, lazima kimjulishe spika wa bunge mara moja, na jina la mtoaji linachapishwa kila mtu alione. Kwetu Sheria ya Gharama za Uchaguzi ipo tangu 2010. Muulize mtu yeyote Kariakoo nani alilipia fulana, kofia na msururu wa magari ya kampeni, uone atakavyocheka. Dodoma waanze na hapo: majina ya wachangiaji wakubwa yabandikwe kabla ya siku ya kura.